Kondo likionekana nene, mama apimwe sukari siku hiyohiyo

Karatasi ya majibu ya altrasaundi ina mistari ambayo kila mtu huisoma, na mmoja ambao karibu hausomwi na mtu. Mjamzito hutafuta umri wa mimba, tarehe ya kujifungua na, kama mpimaji si mchoyo wa maneno, jinsia ya mtoto. Mumewe huuliza kama mtoto ni mzima. Mkunga hutazama kama kichwa kimetangulia. Katikati ya hayo kuna mstari wa kondo la nyuma: limejishikiza upande wa mbele au wa nyuma wa mji wa mimba, liko daraja la ngapi, limeuziba mlango wa kizazi au liko mbali nao. Mara nyingi mstari huo huandikwa kwa mkato, kwa Kiingereza cha kitabibu, na unene wa kondo haumo. Karatasi hukunjwa ikatiwa ndani ya kadi ya kliniki, na kondo halitajwi tena mpaka siku mkunga atakapolisubiri litoke.

Hoja yangu ni kwamba mstari huo unaweza kumwokoa mama asiyejua kwamba ana kisukari cha mimba, nasi tunauacha upite. Sitaki kina mama wapigwe picha mara nyingi zaidi, wala sidai kila kituo cha afya kinunue mashine ya bei ya nyumba. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana: altrasaundi ambayo mama amekwisha kuilipia ilitazame kondo kwa makini na kuandika unene wake, na kondo likizidi kiasi, mama apelekwe kupimwa sukari siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo mashine isibebeshwe kazi isiyo yake. Kondo linaloonekana zuri kwenye kioo halimwambii mtu kwamba hana kisukari.

Ugonjwa unaoanzia kwenye kondo

Mwanamke akiambiwa ana kisukari cha mimba, watu wa nyumbani humtazama kikombe cha chai. Ataambiwa alizidisha soda, alizidisha juisi ya miwa, alikuwa hashibi chapati. Chakula kina nafasi yake katika ugonjwa huu, na ndicho cha kwanza kurekebishwa katika matibabu, lakini chimbuko liko kwenye kondo lenyewe. Kadiri linavyokua, kondo humwaga katika damu ya mama homoni kadhaa, ikiwamo laktojeni ya kondo, zinazoufanya mwili wake uitikie insulini kwa uvivu. Mpango huo una faida: mwili wa mama ukichukua sukari kidogo, hubaki ya kumtosha mtoto. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza insulini na mambo yakaenda sawa. Kwa wengine kongosho huzidiwa, sukari ikapanda, hasa mimba inapovuka nusu ya safari yake. Ndiyo maana kipimo cha sukari hupangwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na ndiyo maana kwa wengi sukari hurudi chini mara tu kondo linapotoka.

Kondo hilohilo pia ndilo linaloamua kipi kimfikie mtoto, mfano wa kituo cha forodha: sukari ya mama inapita bila kuulizwa, insulini yake inarudishwa mpakani. Mtoto anapokea sukari nyingi na analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe ya kuikabili. Jørgen Pedersen, daktari wa Copenhagen, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa uelewa wetu. Insulini kwa mtoto aliye tumboni ni homoni ya kumkuza. Mafuta hujaa kwenye mabega na tumbo kuliko kichwa, na hapo ndipo hatari ya uchungu inapokaa: kichwa kinapita, mabega yanakwama. Akishazaliwa na kitovu kikakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla ilhali insulini yake bado imejaa. Sukari ya mtoto inashuka, na isipopimwa mapema ubongo wake unaweza kudhurika.

Kondo nalo halibaki salama. Kwa kawaida, mimba ikikomaa, kondo huwa na uzito wa takriban nusu kilo, upana wa sentimita 20 na ushee, na unene wa sentimita 2 hadi 2.5 linapopimwa likiwa limeshatoka. Kwa mama ambaye sukari yake haikudhibitiwa, mara nyingi huwa zito na nene zaidi. Matawi yake madogo, yale ambamo damu ya mama na ya mtoto hukaribiana bila kuchanganyika, hukutwa yamechelewa kukomaa, na safari ya oksijeni kutoka upande mmoja hadi mwingine hurefuka. Wakati huohuo mtoto mwenye insulini nyingi anachoma oksijeni nyingi kuliko wenzake. Mahitaji yanapanda, ugavi unasuasua. Hapo ndipo madaktari wanapopata maelezo ya baadhi ya watoto wakubwa, wanene, wasio na kasoro yoyote ya maumbile, wanaofia tumboni katika wiki za mwisho huku kila mtu akisifu ukubwa wa tumbo la mama yao.

Mashine inaona nini hasa

Tangu Ian Donald wa Glasgow na wenzake walipochapisha mwaka 1958 picha za kwanza zilizoitambulisha altrasaundi katika tiba ya wanawake, kondo limekuwa mojawapo ya vitu rahisi kuviona. Linajitokeza kama tabaka la kijivu lililojibandika kwenye ukuta wa kizazi. Kulipima unene hakuhitaji teknolojia mpya. Mpimaji hutafuta mahali kitovu kinapojishikiza, huhakikisha boriti ya mashine inalikata kondo wima, kisha hupima kutoka uso wa ndani hadi mwisho wa kondo bila kujumuisha msuli wa kizazi ulio nyuma yake. Kanuni ya vitendo inayotumika sehemu nyingi ni kwamba unene kwa milimita hukaribiana na umri wa mimba kwa wiki, na kwamba kondo likizidi sentimita 4 linastahili kuitwa nene.

Ni hapa pia uangalifu unapohitajika. Likikatwa mshazari, kondo la kawaida huonekana nene. Kizazi kikijikaza kidogo wakati wa kipimo, linavimba kwa muda. Kondo lililo upande wa nyuma hupimika nene kidogo kuliko la mbele. Na hata likipimwa vizuri, jibu halina mwenyewe mmoja. Kaswende hulinenepesha kondo. Upungufu mkubwa wa damu hulinenepesha. Damu za mama na mtoto zikipingana kwa kundi la Rhesus, vilevile. Tafiti zilizolinganisha kina mama wenye kisukari cha mimba na wasio nacho zimekuta mara kwa mara kwamba wastani wa unene uko juu kwa wenye kisukari, lakini makundi mawili hayo yanaingiliana sana. Wako wenye sukari nyingi ambao kondo lao ni la kawaida, na wako wenye kondo nene ambao sukari yao haina tatizo.

Kwa hiyo kondo nene linauliza swali, na majibu yako maabara. Kwa bahati njema, vipimo vinavyohitajika kulijibu ni vilevile vinavyotakiwa kuwepo katika kila kliniki ya wajawazito: sukari, wingi wa damu, kaswende, kundi la damu. Mama aliyepimwa vyote hivyo mwanzoni mwa mimba anaweza kudhaniwa amemaliza. Sukari iliyopimwa wiki ya 12 haisemi chochote kuhusu wiki ya 30, kwa sababu mwanzoni kondo lilikuwa bado dogo na homoni zake hazijafikia nguvu ya kulishinda kongosho.

Badala ya unene, karatasi zetu nyingi hushikilia daraja. Daraja hilo lina historia. Mwaka 1979 Peter Grannum na wenzake huko Yale, Marekani, waliligawa kondo katika hatua nne, kuanzia sifuri hadi tatu, kufuatana na madoa ya chokaa yanayojitokeza kadiri mimba inavyokomaa. Walitumaini kwamba kondo lililokomaa lingewaambia kama mapafu ya mtoto nayo yamekomaa. Tumaini hilo halikudumu kama kipimo cha kutegemea, na wapimaji wawili wakitazama kondo moja hawakosi kutofautiana kuhusu daraja lake. Kwa mama mwenye kisukari tahadhari inazidi, kwa sababu mapafu ya mtoto wake huweza kuchelewa kukomaa, na kondo lake lenyewe huweza kuchelewa kupata madoa. Tunaandika kwa uaminifu kitu kisichotusaidia sana, na tunaacha namba ya milimita ambayo ingetufanya tuchukue hatua.

Kisha kuna Doppler, kipimo cha mwendo wa damu kwenye kitovu, ambacho hospitali binafsi za mijini hukitangaza kama kilele cha uangalizi. Kina thamani yake. Kwa mimba zenye hatari, hasa pale mtoto anapodumaa au mama ana shinikizo la damu, matumizi ya Doppler ya kitovu yameonekana kupunguza vifo vya watoto. Lakini kwa mama ambaye tatizo lake ni sukari peke yake, damu kwenye kitovu mara nyingi hutiririka vizuri hata pale mtoto anapokuwa hatarini, kwa kuwa hatari yake imo katika kemia ya damu kabla haijaonekana katika mwendo wake. Mama atoke na picha nzuri ya rangi nyekundu na buluu, aambiwe damu inatembea, kisha arudi nyumbani na sukari isiyopimwa? Huko ni kulipia utulivu wa moyo ambao hakuna aliyeuthibitisha. Upimaji wa ujazo wa kondo kwa picha za pande tatu na wa ugumu wake kwa mawimbi bado ni kazi ya watafiti, na hakuna sababu ya kuuuza kliniki kama huduma ya kawaida.

Kipimo kimoja, na kimekuja mapema

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inataka mjamzito akutane na watoa huduma angalau mara nane, na apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ushauri huo ni wa busara: kipimo cha mapema ndicho kinachotoa umri sahihi wa mimba, na huonyesha mapacha na kasoro kubwa. Lakini kwa mintarafu ya kisukari cha mimba, kipimo hicho kinafika kabla ya ugonjwa. Mama aliyefuata ushauri barabara, akapimwa wiki ya 20, ana karatasi inayolionyesha kondo kabla sukari haijaanza kupanda.

Hata hivyo wanawake wengi wa mijini hupimwa tena wakati mimba ni kubwa, wengine kwa agizo la daktari, wengine kwa hamu ya kujua kama wanunue nguo za rangi gani. Kipimo hicho cha pili cha wiki ya 28, 30 au 32, kinachofanywa kwa fedha za familia kwenye chumba cha mtaani kilichobandikwa bango la mtoto anayetabasamu, ndicho kinachoangukia wakati hasa ambapo kondo lina la kusema. Mama ameshalala kitandani, jeli imeshapakwa. Kuongeza milimita za kondo, mzingo wa tumbo la mtoto na wingi wa maji ya chupa ya uzazi kunachukua dakika chache. Dalili hizo tatu zikikutana, yaani kondo nene, tumbo la mtoto lililotangulia kichwa kwa ukuaji na maji yaliyozidi kwa sababu mtoto mwenye sukari nyingi anakojoa sana, mpimaji hahitaji kuwa bingwa ili kuandika chini ya karatasi: apimwe sukari leo.

Nchini Uingereza, taasisi ya taifa inayoandaa miongozo ya tiba inaelekeza mama aliyekwisha kujulikana ana kisukari apimwe ukuaji wa mtoto na maji kila baada ya wiki nne, kuanzia ya 28 hadi ya 36. Kondo halitajwi miongoni mwa vitu vya kufuatilia, na sina ugomvi na hilo. Pale, mwanamke mwenye vihatarishi vya kisukari anapimwa sukari kwanza ndipo mashine inamfuata. Kwetu mara nyingi mpangilio umegeuka: mashine imemfikia mama kabla ya glukosi. Nchi ambayo mama anapigwa altrasaundi mara mbili bila hata mara moja kupewa yale maji matamu ya kipimo haiwezi kunakili mwongozo wa Uingereza neno kwa neno. Inapaswa kuitumia picha iliyopo kurekebisha mpangilio.

Mashine peke yake haikuokoa

Wapo watakaosema: basi tueneze altrasaundi hadi kila zahanati, mengine yatafuata. Jaribio hilo limeshafanywa. Utafiti mkubwa uliohusisha Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala, uliochapishwa mwaka 2018, ulipeleka altrasaundi za kawaida katika maeneo ya vijijini na kuwafundisha watoa huduma kuzitumia. Matumaini yalikuwa kwamba wanawake wangevutwa kliniki na vifo vingepungua. Havikupungua. Mahudhurio ya kliniki na uzazi wa hospitalini havikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Picha ilipigwa, tatizo likaonekana, lakini barabara ya kutoka kwenye picha hadi kwenye tiba ilibaki ileile.

Somo la utafiti huo linanifanya niwe mkali kuhusu kondo. Hakuna faida ya kuandika milimita 45 kwenye karatasi ikiwa maabara ya jirani imeishiwa stripu za sukari, au ikiwa mama ataambiwa arudi kesho bila kula na nauli ya kesho hana. Taarifa ya kondo lazima iwe na mwenye kuipokea na kitu cha kufanya baada ya kuipokea. Vinginevyo tutakuwa tumeongeza mstari mwingine usiosomwa.

Sukari yenyewe tunaipima vibaya. Vituo vingi bado vinategemea kijiti cha mkojo. Figo za mjamzito huweza kupitisha sukari kwenye mkojo bila ugonjwa wowote, na mama mwenye kisukari cha mimba naye anaweza kuwa na mkojo msafi kabisa. Kipimo kinachokubalika ni cha damu. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 vinasema mama ana kisukari cha mimba ikiwa sukari yake asubuhi, kabla ya kula, ni milimoli 5.1 hadi 6.9 kwa lita, au saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi imefika 10.0, au baada ya saa mbili iko kati ya 8.5 na 11.0. Ikivuka viwango vya juu vya mfungo au vya saa mbili, huhesabiwa kuwa kisukari kamili. Ni namba za chini kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke mwenye 5.4 asubuhi hajisikii lolote, na ukimpima kwa jicho utamwona mzima.

Vigezo hivyo vilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia zaidi ya wanawake 23,000 katika nchi tisa. Ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa mkubwa mno hupanda hatua kwa hatua pamoja na sukari ya mama, hata chini ya kiwango kilichokuwa kikiitwa ugonjwa. Hakikuwepo kituo hata kimoja cha Afrika. Hilo halivibatilishi vigezo, ila linatukumbusha kwamba makondo yetu yanaishi maisha ambayo utafiti huo haukuyaona. Malaria inayojificha ndani ya kondo hupunguza uzito wa mtoto, sukari huuongeza. Mama mmoja wa Kigoma au Kisumu anaweza kuwa na vyote viwili, akajifungua mtoto wa kilo 3 anayeonekana wa kawaida kwa kila mtu, na hakuna aliyejua kondo lilikuwa likivutwa pande mbili.

Tiba haina ubishi. Mwaka 2005 jaribio lililoongozwa kutoka Australia, lenye wanawake 1,000, lilionyesha kwamba kuwapa ushauri wa lishe, kuwafundisha kujipima na kuwapa insulini waliohitaji kulipunguza madhara makubwa kwa watoto kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Wengi hawakuhitaji dawa yoyote kali, ila mpangilio mzuri wa sahani na sindano kwa wachache. Tunazungumzia ugonjwa unaotibika kwa ugali mdogo, mboga nyingi, maharage, matembezi ya jioni na stripu.

Mtoto bonge na kovu la mama

Huku kwetu mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele. Picha yake inazunguka kwenye makundi ya simu, mama anapongezwa kwa kula vizuri. Sitaki kuiharibu furaha hiyo. Lakini kama mtoto amefika kilo hizo kwa sukari isiyopimwa, furaha ina deni. Mabega yakikwama, mkono wa mtoto unaweza kupooza. Uchungu ukichukua muda mrefu mno bila msaada, mama anaweza kubaki na fistula. Na njia ya kukwepa hayo, ambayo ni upasuaji, inarudisha tatizo kwenye kondo kwa mlango mwingine.

Kovu la upasuaji kwenye kizazi ni mahali ambapo kondo la mimba inayofuata linaweza kujishikiza vibaya na kuzama ndani ya msuli. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake ambao kondo limeziba mlango wa kizazi, kuzama huko kulitokea kwa asilimia 3 ya waliokuwa wakipasuliwa mara ya kwanza, asilimia 11 ya mara ya pili, na asilimia 40 ya mara ya tatu. Kondo la namna hiyo likigunduliwa mezani, tumbo limeshafunguliwa, damu haikuandaliwa na bingwa yuko mji mwingine, mama anaweza kufa. Likigunduliwa kwa altrasaundi wiki chache kabla, anapelekwa hospitali ya rufaa mapema. Sukari isiyodhibitiwa katika mimba ya kwanza inaweza hivyo kumfuata mwanamke hadi mimba ya tatu. Ndiyo maana kwa mama mwenye kovu mstari wa kondo usiishie kusema liko mbele. Useme kama limekaa juu ya kovu.

Wazee wetu katika jamii nyingi walilizika kondo kwa heshima karibu na nyumba, na mtu akisema kitovu chake kimezikwa mahali fulani, kila mtu anaelewa kwamba ndiko kwao. Hospitali hulitupa katika shimo la kondo, na kwa sababu za usafi ni sawa. Lakini kabla halijatupwa, mkunga hulipindua kuona kama limetoka lote. Aongeze jambo moja kwa mama ambaye mtoto wake ni mkubwa: aliweke kwenye mizani. Kondo lililozidi sana nusu kilo, kwa mama ambaye hakuwahi kupimwa sukari, ni sababu ya kumpima mtoto sukari papo hapo na kumwandikia mama arudi. Anayo haja ya kurudi, kwa kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana uwezekano wa mara saba hadi kumi zaidi wa kupata kisukari cha ukubwani kuliko ambaye hakukipata.

Pingamizi mbili

Ya kwanza ni ya hofu. Mpimaji akianza kuandika kondo nene, kina mama watalia kwenye korido. Ni kweli, neno linaloandikwa bila maelezo linaua usingizi. Jawabu lake ni kuliandika pamoja na hatua inayofuata, na kumweleza mama kwa Kiswahili kwamba namba hii inataka kipimo kimoja cha damu kabla mtu yeyote hajasema ana ugonjwa.

Ya pili ina uzito zaidi: kwa nini tulisubiri kondo? Tuwapime wajawazito wote sukari kati ya wiki 24 na 28, tumalize. Nakubaliana kabisa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kisukari cha mimba kwa zaidi ya wanawake 8 katika kila 100 mjini, na takriban 1 katika 100 vijijini. Kwa mji kama Dar es Salaam, wenye chipsi kila kona na kazi za kukaa kutwa, kiwango hicho kinatosha kabisa kuwapima wote. Lakini tangu tukubaliane kwamba wote wanapaswa kupimwa hadi wote wapimwe kweli, ipo miaka. Kuna wanaoanza kliniki wiki ya 30. Kuna waliopimwa mapema wakaonekana wazima. Kuna waliofika siku stripu zimekwisha. Kondo ni wavu wa pili wa kuwanasa hao walioponyoka wa kwanza, na wavu huo umeshalipiwa.

Hivyo waganga wakuu wa mikoa na wilaya wanaweza kuanza bila kusubiri mradi. Waagize kila chumba cha altrasaundi kilichosajiliwa, cha umma na cha binafsi, kitumie fomu moja yenye nafasi ya unene wa kondo kwa milimita, mahali lilipo, umbali wake na mlango wa kizazi, uhusiano wake na kovu, wingi wa maji na mzingo wa tumbo la mtoto. Unene ukifika sentimita 4, au ukiuzidi sana umri wa mimba, fomu iagize vipimo vya sukari, damu na kaswende, na mama asiondoke bila kujua anakwenda kupimwa wapi. Daraja la kondo liandikwe au liachwe, lisiamue jambo. Na hakuna mpimaji mwenye ruhusa ya kumwambia mama kwamba sukari yake iko sawa kwa kutazama kioo.

Kwa mama anayesoma haya akiwa na mimba ya miezi saba, ombi langu ni fupi. Ukimaliza kuuliza kama ni wa kike au wa kiume, uliza kondo lako lina unene gani, kisha uliza sukari yako ilipimwa lini kwa damu. Wakishindwa kukujibu swali la pili, usiwe na haraka ya kushangilia jibu la la kwanza.

Na kwa wanaogawa fedha za afya: bajeti ikitosha kitu kimoja tu mwaka huu, stripu za sukari na glukosi ya kipimo zije kabla ya mashine mpya. Kondo litaendelea kuonekana kwenye mashine tulizonazo. Sukari haitaonekana mpaka mtu achomwe kidole.